Tazama Kabla ya Kupaka: Somo la Ngozi na Nywele



Somo la leo linaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulitembelea kikundi kimoja cha kina mama huko magharibi mwa Kenya. Mkutano ulipokwisha, mweka hazina wao alituonyesha baka dogo kwenye mkono wake, chini kidogo ya kiwiko. Lilikuwa limefifia kuliko ngozi yake, lilikuwa kavu, na halikuwasha. Sisi tulikuwa tumeshashika mifuko tuondoke. Tukalitazama haraka haraka, tukamwambia, "Ah, mama, hiyo ni mba tu. Nunua dawa ya kupaka pale dukani, itaisha."

Akanunua. Akapaka. Ikaisha, akanunua nyingine. Baka likabaki pale pale. Mwaka wa pili, siku ya harusi ya jirani, alitoa sufuria ya chai motoni kwa mikono mitupu akaibeba hadi mezani. Mwenzake ndiye aliyeona malengelenge upande wa kidole kidogo akapiga kelele. Mama mwenyewe hakusikia uchungu wowote upande huo.

Huko hospitali iligunduliwa kwamba ni ukoma. Alipewa dawa, akapona. Lakini kidole chake kidogo na kile cha jirani yake vimebaki vimepinda mpaka leo. Kama siku ile tungechukua dakika mbili tu, tukaligusa lile baka na kumwuliza kama anasikia, vidole vyake huenda vingekuwa vizima. Ametuomba tuandike habari hii bila kutaja jina lake, ili kikundi kingine kisipite njia hiyo hiyo.

Basi somo letu ni hili: tusipake kabla hatujatazama. Hatuwafundishi kuwa madaktari. Tunataka kila kikundi kijue dalili chache, ili mjue lipi mnaweza kulitibu nyumbani, lipi ni la kupeleka dispensari, na lipi halifai kungoja hata wiki moja.

VIDOLE VITANO, MASWALI MATANO

Ili msisahau, tumeweka maswali matano kwenye vidole vya mkono mmoja.

1. Kidole kidogo: Iko wapi? Kila ugonjwa una mahali unapopenda kukaa. Katikati ya vidole? Kwenye mikunjo ya viwiko? Kifuani? Kichwani?

2. Kidole cha pete: Ina umbo gani? Ni vipele, ni duara, ni baka bapa, ni malengelenge, ama ni kidonda chenye ukoko?

3. Kidole cha kati: Inawasha? Na inawasha lini zaidi, mchana au usiku?

4. Kidole cha shahada: Nani mwingine nyumbani anayo? Ikiwa watu watatu wanajikuna, hiyo si habari ya mtu mmoja.

5. Kidole gumba: Je, hapo anasikia? Mkono usio na gumba haushiki kitu. Hali kadhalika, kulitazama baka bila kuuliza swali hili ni kazi bure.

Jambo moja zaidi. Vitabu vingi vinasema ngozi "inakuwa nyekundu". Vingi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi, mahali penye ugonjwa mara nyingi huonekana peusi zaidi, pa rangi ya zambarau, au pamefifia. Kwa hiyo msingoje wekundu. Tazameni kwenye mwanga wa jua, kisha guseni kwa mgongo wa mkono kujua kama pana joto au pamevimba.

Pia majina ya magonjwa haya hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji. Msishindane juu ya jina. Fuateni dalili.

UPELE

Upele huletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi na kutaga mayai. Si rahisi kumwona kwa macho. Vipele vidogo hutokea katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, makwapani, kiunoni, matakoni na sehemu za siri, na kwa kina mama kuzunguka matiti. Kwa mtoto mchanga vinaweza kuwa hata kichwani, kwenye viganja na nyayo.

Dalili kubwa ni kuwasha kunakozidi usiku. Mtoto halali, na shuleni anasinzia. Na kidole cha nne hapa kinasema kweli: karibu kila mara yupo mwingine nyumbani anayejikuna.

Dawa ni ya kupaka, kwa mfano permetrini au benzili benzoeti, kutoka shingoni hadi nyayo, si pale panapowasha tu. Mtoto mdogo huhitaji kipimo chake, kwa hiyo mwulizeni mhudumu wa afya kwanza. Kosa ambalo wengi hufanya ni kumtibu mtoto mmoja peke yake. Yule mdudu anahamia kwa ndugu zake, kisha anarudi. Watu wote wa nyumba moja watibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne au zaidi kabla hajaanza kuwashwa. Nguo na shuka za siku hizo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Zisizofulika zifungwe ndani ya mfuko kwa siku tatu au zaidi, kwa sababu mdudu huyu hadumu akiwa mbali na mwili wa mtu.

Msishangae kuwasha kukiendelea wiki mbili au tatu baada ya dawa. Ngozi bado inapoa. Lakini vipele vipya vikitokea, rudini kwa mhudumu.

MASHILINGI NA MAPUNYE

Mashilingi ni ukungu wa ngozi. Huanza kama doa dogo, kisha linapanuka kama duara la shilingi. Ukingo wake umeinuka kidogo na una magamba, na katikati panaelekea kupona. Linawasha. Kwenye mwili hutibika kwa dawa ya kupaka ya ukungu, kama klotrimazoli au marhamu ya Whitfield. Endeleeni kupaka kwa wiki moja au mbili hata baada ya doa kutoweka. Ukiacha mapema, linarudi.

Ukungu huo ukiingia kichwani ndio tunaouita mapunye. Huwapata sana watoto wa shule. Utaona mabaka yenye magamba, nywele zimekatika karibu kabisa na ngozi, na pengine vidoa vyeusi ambavyo ni mashina ya nywele zilizovunjika. Hapa sasa ndipo wazazi wengi hupoteza pesa. Dawa ya kupaka peke yake haiponyi mapunye, kwa sababu ukungu umeingia ndani ya unywele, chini kwenye shina, na marhamu haifiki huko. Mtoto anahitaji vidonge kutoka dispensari, kama griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Baka likivimba, likawa laini na kutoa usaha, usilikamue. Mpeleke mtoto haraka, maana nywele zinaweza zisiote tena pale.

Msichangie kofia, vitana wala mashine ya kunyoa ambayo haijasafishwa. Kinyozi wa sokoni naye aelezwe kwa upole. Ni ndugu yetu.

MBA

Mba wa mwili hukaa kifuani, mgongoni, shingoni na mabegani. Ni mabaka bapa, mengine yamefifia, mengine meusi zaidi. Ukiyakwaruza kwa ukucha hutoa vumbi jepesi la magamba. Huwasha kidogo tu au hayawashi. Na hapa tuseme kwa sauti: mwenye mba ANASIKIA kama kawaida. Hiyo ndiyo tofauti tuliyoipuuza.

Mba si uchafu, wala hauambukizwi kwa kukaa na mtu. Hutokana na ukungu ambao huishi kwenye ngozi za watu wengi, nao huzidi wakati wa joto na jasho. Dawa ya ukungu humaliza ugonjwa, lakini rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi. Msidhani dawa imeshindwa.

UKURUTU, AMA PUMU YA NGOZI

Huu huwasha sana, na ngozi ni kavu. Kwa mtoto mchanga huonekana mashavuni. Kwa mtoto mkubwa ni kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ukikaa sana ngozi inakuwa nzito na nyeusi. Mara nyingi utasikia kwamba katika ukoo huo yuko mwenye pumu ya kifua.

Ukurutu hauambukizi hata kidogo. Mtoto asikatazwe kucheza na wenzake. Kinachosaidia zaidi ni kupaka mafuta yasiyo na manukato mara kadhaa kwa siku, hasa dakika chache baada ya kuoga, na kuacha sabuni kali. Ukizidi, mhudumu atawapa dawa ya kupunguza mwasho.

VIDONDA VYENYE UKOKO

Kama mtoto ana vidonda puani na kuzunguka mdomo, vyenye ukoko wa rangi ya asali, hivyo vinaletwa na bakteria, navyo huambukiza haraka. Osheni kwa maji safi na sabuni, kateni kucha, kila mtoto awe na taulo lake, na mpelekeni dispensari apate dawa. Vikiachwa vinaweza hata kuleta ugonjwa wa figo. Uso au macho ya mtoto yakivimba, au mkojo wake ukiwa na rangi kama ya chai, msingoje.

UKOMA

Wengi hudhani ukoma uliisha zamani. Kweli umepungua sana. Lakini wagonjwa wapya bado hugunduliwa hapa Kenya, hasa pwani na pande za magharibi karibu na ziwa. Na kwa kuwa watu hawautarajii tena, unapita mbele ya macho yetu, jinsi ulivyopita mbele yetu sisi.

Dalili zake ni baka lililofifia au jekundu kidogo, ambalo haliwashi, haliumi, na halisikii vizuri linapoguswa. Pengine halitoi jasho, na vinyweleo vyake vimepukutika. Wengine hufa ganzi mikononi au miguuni, au vidole vinalegea. Wengine hupata vinundu usoni na masikioni.

Mnaweza kupima hivi. Chukueni kipande cha pamba, mkisokote ncha. Kwanza mguseni mtu mahali pazima macho yake yakiwa wazi, ili aelewe. Kisha afumbe macho. Gusa mahali pazima, gusa kwenye baka, na kila mara aonyeshe kwa kidole ulipomgusa. Akishindwa kuonyesha unapogusa baka, msimtangaze, wala msimtie hofu. Mtu mmoja amsindikize hospitali. Na hata akisikia vizuri, baka lisilopona kwa dawa ya ukungu lionwe na mhudumu.

Ukoma unapona. Dawa zake tatu, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini, hutolewa pamoja. Kwa kawaida humezwa kwa miezi 6 kwa mwenye mabaka yasiyozidi matano, na miezi 12 kwa mwenye mabaka mengi. Tangu mwaka 1995 zimekuwa zikipatikana bila malipo kupitia Shirika la Afya Ulimwenguni. Mtu akishaanza dawa, haambukizi tena. Wala ukoma hauambukizwi kwa kusalimiana kwa mikono, au kula pamoja, au kukaa kwenye benchi moja kanisani.

Tunajua neno hili linatisha, kwa sababu tumelisikia katika Maandiko. Lakini wanaojua lugha za kale wanatuambia neno hilo lilitumika kwa magonjwa mengi ya ngozi. Aliyekuja kugundua kijidudu cha ukoma ni daktari wa Norwe, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873. Ni kijidudu. Si laana, wala si dhambi ya mtu wala ya wazazi wake.

NYWELE NAZO ZINASEMA

Nywele zikipungua, ulizeni: zinapungua vipi?

Pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio. Mara nyingi ni kusuka kwa kubana au kuongeza nywele nzito. Kama msichana anaumwa kichwa usiku baada ya kusukwa, na vipele vidogo vinatoka kwenye mistari, hiyo ni ishara. Fungueni, msuke kwa kulegeza. Mapema nywele huota tena. Ikichukua miaka, haziwezi.

Duara lililo laini kabisa, halina magamba wala haliwashi. Hili si mapunye, na haliambukizi. Ni mwili wenyewe unaoshambulia mashina ya nywele. Nyingi huota tena zenyewe, lakini ni vizuri mhudumu aone.

Kichwa kinawasha, na kuna vijimayai vyeupe vimeshikamana na nywele, havipukutiki ukipuliza. Hao ni chawa. Tumieni dawa yake na kitana chenye meno ya karibu. Msipake mafuta ya taa.

Nywele za mtoto zimekuwa chache, zimefifia au zina wekundu, na zinang'oka ukivuta kidogo bila yeye kulia. Hapa simameni. Bonyezeni mguu wake kwa kidole gumba mkihesabu mpaka tatu. Kama shimo linabaki, na mguu wa pili ni vivyo hivyo, mtoto huyu huenda ana unyafuzi, ama kwashakoo kama wengi tunavyosema. Ngozi yake pia inaweza kuwa na mabaka meusi yanayobanduka kama rangi kuukuu ya ukuta. Msitafute mafuta ya nywele. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, maana unyafuzi unaua. Daktari Cicely Williams aliandika jina hilo mwaka 1935 akiwa Ghana, ambayo wakati huo iliitwa Gold Coast. Wenyeji, Waga, walikuwa wakilitumia kwa ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Wazee wale walikuwa wametazama vizuri.

VITU VINAVYOHARIBU

Tumeona ngozi zilizochomeka kwa mafuta ya taa, kwa unga wa betri kuukuu na kwa dawa ya mifugo. Wacheni.

Tumeona pia krimu za steroidi, kama betamethasoni, zikiuzwa dukani kama dawa ya kila kitu. Zina kazi yake zikitolewa na mhudumu. Lakini ukipaka steroidi juu ya mashilingi, mwasho unapoa, unafurahi, kumbe ukungu unaenea chini chini, na duara linapoteza umbo lake hata daktari anasumbuka kulitambua. Zikitumiwa muda mrefu, hasa usoni kwa kutafuta weupe, ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji: "Dawa hii ni ya nini, na nipake siku ngapi?" Akishindwa kukujibu, rudisha pesa mfukoni.

USINGOJE UKIONA HAYA

- Baka lisilosikia.
- Vipele pamoja na homa kali, hasa kwa mtoto.
- Malengelenge yenye uchungu, yamejipanga kama mshipi upande mmoja wa mwili. Mtu huyu apate matibabu mapema, na ashauriwe kupima virusi vya UKIMWI.
- Vinundu vya zambarau au vyeusi visivyouma.
- Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja.
- Doa jeusi linalokua au kubadilika, hata chini ya wayo.
- Miguu ya mtoto imevimba na nywele zinang'oka.
- Ngozi inayobanduka au malengelenge mdomoni baada ya kumeza dawa mpya.

KAZI YA KIKUNDI

Mkutano ujao tengeni nusu saa. Kaeni wawili wawili, kina mama kwa kina mama, kina baba kwa kina baba. Kila mmoja amtazame mwenzake mikono, miguu na mgongo, akitumia vidole vitano. Mfanye zoezi la pamba mpaka kila mtu aweze. Kinachoonekana kibaki kati ya hao wawili na mhudumu wa afya. Siri ikitoka nje, wa pili hataonyesha chake.

Kisha mjadili:

1. Hapa kijijini tunawaficha wagonjwa gani wa ngozi, na kwa sababu gani?
2. Mwaka jana tulitumia pesa ngapi kwa dawa za kupaka? Ngapi zilisaidia?
3. Familia ikihitaji dawa ya upele kwa watu wote siku moja na haina pesa, kikundi kinaweza kufanya nini?
4. Tutamwambia nini mwalimu anayemfukuza mtoto mwenye mapunye, ilhali akishaanza dawa anaweza kuendelea na masomo?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaongeza kwamba anayeonyeshwa maradhi naye asitazame akiwa ameshika mfuko wa safari.

Yule mama bado ni mweka hazina. Anahesabu noti kwa mkono ule ule, polepole, na hajawahi kukosea. Mgeni akija kikundini mwao na baka lolote, yeye ndiye anayetoa pamba kwenye kikapu chake na kusema, "Njoo hapa kwenye mwanga, ufumbe macho."